Je, Wajua? Ufipa ilikuwa na vijiji kabla ya ujamaa

Ingawa TANU, chama cha Julius Nyerere, ilifuata ujamaa na kuwa chama pekee Tanzania Bara mwaka 1965, haikuwa chama cha kikomunisti: Nyerere aliyakataa mapambano ya kitabaka tangu 1962, na tegemeo lake lilikuwa kijiji, si kiwanda. Amri ya 1973 ya kuhamia vijijini iliwakuta Wafipa wengi wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wakiishi tayari katika vijiji vya nyumba zilizosongamana, wakilima matuta yenye nyasi zilizofukiwa ziwe mbolea. Atasema mtu: basi walikuwa wajamaa kabla ya chama. Sivyo. Walikuwa majirani, shamba lilikuwa na mwenyewe, na mavuno yaliingia ghala la kaya yake.