Kamera ya Zamani na Kamera Mpya: Lugha ya Kulinganisha Vyombo

Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki umbo kinapotumika kulinganisha. Kamera nzito hubaki nzito, iwe imewekwa kando ya nyingine au imewekwa peke yake. Kazi ya kuonyesha kwamba moja imeipita nyingine huachiwa maneno kama kuliko, zaidi ya, kuzidi, kupita na kushinda. Muundo huu una faida kubwa kwa anayetaka kusema kweli. Mtu akisema, “Kamera hii inaizidi ile,” msikilizaji hubaki akisubiri: inaizidi kwa nini? Kwa uzito, kwa bei, kwa kasi, au kwa wingi wa pikseli? Sentensi haijatimia mpaka kipimo kitajwe.

Jambo hili si la darasani tu. Mpiga picha anayenunua kamera iliyokwisha kutumika hutegemea maelezo aliyoandikiwa, na mara nyingi maelezo hayo yamefasiriwa kutoka Kiingereza. Neno moja lililokaa vibaya laweza kumfanya alipie sifa asiyoihitaji, au aiache kamera ambayo ingemtosha kwa kazi yake. Makala haya yanachukua kamera mbili za ukoo mmoja, moja ya zamani na nyingine ya baadaye, ili kuonyesha maneno yanayofaa kuzilinganisha na yale yanayopotosha.

Kamera zenyewe

Kamera ya kwanza ni Canon EOS 5D, iliyotangazwa Agosti 2005. Ya pili ni Canon EOS 5D Mark IV, iliyotangazwa Agosti 2016. Zote mbili ni kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi. Mwanga huingia kupitia lenzi, hukutana na kioo kilichoinamishwa, kisha hupandishwa hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Kwa hiyo mpiga picha huona kile kile kinachoonwa na lenzi. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia hufunguka, na mwanga hukifikia kihisi, yaani kibamba cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu.

Vihisi vya kamera hizi vina ukubwa unaokaribia kuwa sawa. Kile cha 5D kina milimita 35.8 kwa 23.9, na kile cha Mark IV kina milimita 36 kwa 24, ambao ndio ukubwa wa fremu moja ya filamu ya milimita 35. Aidha, zote hutumia lenzi za mfumo wa EF ulioanza mwaka 1987. Lenzi ya EF iliyonunuliwa kwa ajili ya kamera ya kwanza huingia katika ya pili bila kiunganishi chochote. Ulinganishi mzuri huanza na mambo ya namna hii, kwa sababu tofauti hupata maana pale tu msomaji anapojua vitu vinavyofanana.

Ya zamani, kongwe, kuukuu au ya awali?

Tatizo la kwanza la mfasiri ni kuipa jina kamera ya 2005. Kiswahili kina maneno kadhaa ya umri, na kila moja lina hukumu yake.

Kivumishi -zee hutumika hasa kwa watu na viumbe vingine vinavyozeeka. Kukiambatisha na chombo kuna ladha ya mzaha au ya kudharau. Kivumishi -kongwe hubeba heshima ya kudumu kwa muda mrefu, kama katika jina la Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kamera ya filamu iliyohifadhiwa katika makumbusho yaweza kuitwa kongwe, lakini kamera ya 2005 haijafikia hapo. Kivumishi -kuukuu husema juu ya hali ya kitu wala si juu ya tarehe yake: nguo kuukuu, viatu vikuukuu, kamera kuukuu ni vitu vilivyochakaa kwa kutumiwa. 5D iliyotunzwa vizuri ni ya zamani, lakini si kuukuu. Mark IV iliyopigwa na mvua na kuangushwa mara kadhaa yaweza kuwa kuukuu ingawa ilitoka miaka kumi na mmoja baadaye.

Neno lisilo na hukumu ni ya zamani. Pale kamera zote mbili zinapokuwa za mfululizo mmoja, ya awali na ya baadaye hufaa hata zaidi, kwa kuwa huonyesha mfuatano na kunyamaza kuhusu ubora.

Upande wa pili una mtego wake. Mpya huweza kumaanisha toleo lililotoka karibuni, au kitu kisichowahi kutumiwa. Tangazo lisemalo “kamera mpya” juu ya Mark IV linaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Mwandishi anayejali huandika toleo la baadaye anapozungumzia mfululizo, na haijatumika anapozungumzia hali ya chombo. Ikiwa imepitia mikono ya mwenye kwanza, iliyotumika hutosha.

Pikseli: mara ngapi, na ya nini?

5D ina pikseli milioni 12.8, Mark IV ina milioni 30.4. Hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza mara mbili.

Kuteleza kwa kwanza ni neno azimio. Kiingereza hutumia neno moja kwa uamuzi wa mkutano na kwa wingi wa nukta zinazounda picha. Kiswahili hakifanyi hivyo. Azimio ni tamko au uamuzi, kama Azimio la Arusha la 1967. “Kamera yenye azimio kubwa” ni maneno ya Kiswahili yasiyo na maana katika Kiswahili. Idadi ya pikseli husema jambo hilo waziwazi.

Kuteleza kwa pili ni usemi mara mbili zaidi. Msomaji mmoja ataelewa kwamba idadi imekuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Mwingine ataelewa kwamba yameongezwa mafungu mawili juu ya lile la kwanza, hivyo jumla ni mafungu matatu. Utata huondoka kwa kutumia kiunganishi -a bila zaidi: “Idadi ya pikseli za Mark IV ni takribani mara 2.4 ya zile za 5D.”

Hata hivyo, sentensi hiyo ya kweli haimaanishi kwamba picha imekuwa pana kwa kiasi hicho. Pikseli hutandazwa kwa upana na kwa urefu. Picha ya 5D ina pikseli 4368 kwa 2912. Ya Mark IV ina 6720 kwa 4480. Upana umeongezeka kwa takribani mara 1.5 tu. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, picha ya kwanza hufikia upana wa sentimita 37 hivi, na ya pili sentimita 57 hivi. Ukurasa wa gazeti wa ukubwa wa A4, ambao kwa kiwango hicho huhitaji pikseli 3508 kwa 2480, hujazwa na kamera zote mbili. Ukurasa wa A3, unaohitaji 4961 kwa 3508, hujazwa na Mark IV. 5D hupungukiwa kidogo. Kwa hiyo anayepiga picha za pasipoti au za albamu ndogo haongezewi kitu na pikseli milioni 17.6 zilizozidi, isipokuwa mafaili makubwa zaidi ya kuhifadhi.

Kasi ya kitu gani?

“Kamera mpya ina kasi kuliko ya zamani.” Sentensi hii ni sahihi kisarufi, na yaweza kuwa kweli au uongo kwa kutegemea kasi inayokusudiwa. Katika upigaji picha, kasi hutajwa katika mambo yasiyopungua mawili.

La kwanza ni kasi ya kufululiza picha, yaani idadi ya picha zinazopigwa katika sekunde moja mpiga picha anapokishikilia kitufe. 5D hupiga picha 3 kwa sekunde, Mark IV hupiga 7. Tofauti hii huonekana uwanjani, mpira unapokaribia mstari wa goli. La pili ni kasi ya pazia, yaani ufupi wa muda ambao pazia hubaki wazi. Hapa kamera zote mbili hufikia 1/8000 ya sekunde. Kamera ya baadaye haikuipita ya awali hata kidogo.

Mfasiri, basi, asiandike kasi pekee. Aandike “Mark IV hupiga picha nyingi kwa sekunde kuliko 5D” na, pale inapobidi, “kasi ya juu kabisa ya pazia ni ile ile”. Neno kuliko likifuatwa na kitenzi huhitaji kiambishi cha namna: “hupiga nyingi kuliko inavyopiga 5D”. Umbo kuliko inapiga halikubaliki katika maandishi rasmi.

Mwanga, na zile chengachenga

Kipimo cha ISO huonyesha jinsi kamera ilivyowekwa ili kuitikia mwanga mdogo au mwingi. Kila namba inapoongezeka maradufu, kutoka 100 hadi 200, kisha 400 na kuendelea, kamera huhitaji nusu ya mwanga iliouhitaji mwanzo ili itoe picha yenye weupe ule ule. Kiwango cha kawaida cha 5D huishia 1600, na huweza kusogezwa hadi 3200. Kiwango cha kawaida cha Mark IV huishia 32000, na huweza kusogezwa hadi 102400.

Kuongeza ISO kuna gharama: vitone visivyotakiwa hutawanyika katika picha, hasa penye giza. Tafsiri za neno kwa neno huviita kelele, na mwanafunzi hujiuliza picha inapigaje kelele. Kiswahili kina neno chengachenga, ambalo watu walilitumia tangu zamani kwa televisheni isiyoshika mawimbi vizuri. “Picha ina chengachenga” hueleweka mara moja.

Ni muhimu pia kutenganisha kikomo na ubora. Kusema kwamba Mark IV hufikia ISO 32000 ni kusema mahali kipimo kinapoishia. Si kusema kwamba picha ya hapo ni safi. Kitenzi kufikia kinatosha. Kitenzi kumudu kingedai jambo lingine, nalo lingehitaji ushahidi wa picha zenyewe.

Kioo, skrini na picha

Katika mazungumzo ya kila siku, kioo cha simu ni sehemu ya mbele inayoonyesha maandishi na picha. Katika kamera hizi, kioo ni kile kinachoakisi mwanga ndani. Maelezo yasemayo “kioo kimevunjika” yanaweza kumaanisha hasara mbili tofauti kabisa. Katika maandishi ya aina hii inafaa kuweka kioo kwa sehemu ya ndani na skrini kwa ile ya nyuma. Skrini ya 5D ina inchi 2.5 na nukta 230,000, na hutumika kutazama picha iliyokwisha kupigwa. Mtu hawezi kuitumia kupanga picha kabla ya kubonyeza. Skrini ya Mark IV ina inchi 3.2 na nukta milioni 1.62, huguswa kwa kidole, na huonyesha mandhari kabla ya picha kupigwa.

Picha nalo ni neno pana, kwani sinema pia huitwa picha. 5D hupiga picha mnato tu. Mark IV hupiga picha mnato na pia hurekodi video hadi ya kiwango cha 4K. Kwa mteja anayetaka kurekodi harusi, tofauti hii ni kubwa kuliko zote zilizotajwa, kwa kuwa si suala la kiasi: moja ina uwezo huo na nyingine haina. Kuliko na zaidi hazifai hapo. Husemwa tu kwamba 5D hairekodi video.

Kuna tofauti nyingine isiyo na mvuto katika matangazo. 5D ina nafasi ya kadi moja ya kumbukumbu, aina ya CompactFlash. Mark IV ina nafasi mbili, ya CompactFlash na ya SD, na huweza kuandika picha ile ile katika kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikiharibika, picha hubaki katika nyingine. Harusi hairudiwi kwa sababu ya kadi.

Bora kwa nani?

Bora ni kivumishi kisichochukua kiambishi, na labda kwa sababu hiyo hutumiwa kwa wepesi mno. Bora zaidi huzidisha ukungu, kwani huweza kueleweka kuwa bora kuliko nyingine moja au bora kuliko zote. Mwandishi akilazimika kulitumia, na aliongezee kazi: bora kwa michezo, bora kwa kurekodi video, bora kwa anayeanza na mwenye fedha kidogo.

Aya ifuatayo inaonyesha namna ulinganishi unavyoweza kuandikwa:

“EOS 5D ya 2005 na EOS 5D Mark IV ya 2016 zina vihisi vyenye ukubwa unaokaribia kuwa sawa, na hutumia lenzi za mfumo mmoja. Bila betri, uzito wake hutofautiana kwa gramu 10 tu: 810 na 800. Toleo la baadaye linalizidi la awali kwa idadi ya pikseli, kwa wingi wa picha kwa sekunde na kwa kikomo cha ISO. Kasi ya juu ya pazia ni sawa. Toleo la awali halirekodi video na lina nafasi ya kadi moja. La baadaye hurekodi video na lina nafasi mbili. Kwa picha mnato za ukubwa wa A4 zinazopigwa penye mwanga wa kutosha, toleo la awali lina pikseli za kutosha.”

Katika aya hiyo neno bora halimo, wala mpya, wala kasi bila maelezo. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi tangazo la chombo chochote, iwe simu, pikipiki au cherehani, na kuwataka waliandike upya kwa masharti hayo: kila kuliko na kila kuzidi vifuatwe na kitu kinachoweza kupimwa.