Asali ya Sagalla hadi Nairobi: chupa ikivunjika, nani analipa?

Oda imeingia WhatsApp jioni: chupa kumi na mbili za asali, mteja yuko Nairobi, yuko tayari kulipa sasa hivi. Wewe uko Sagalla, karibu na Voi, na asali yako inatoka kwenye mizinga ile inayoning'inia kwenye ua wa shamba kuzuia ndovu wa Tsavo. (Kwa msomaji wa mbali: ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuza njia. Mkulima anabaki na mahindi yake na asali juu.) Hadithi kama hiyo inauza, lakini mteja amelipia chupa kumi na mbili na anazitaka zikiwa nzima.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme chupa ya gramu 500 unaiuza shilingi 600, oda ni shilingi 7,200. Mbili zikipasuka njiani, hujapoteza shilingi 1,200 tu. Asali imezimwagikia zile kumi, lebo zimelowa, katoni imelegea chini na mzigo wa mwenyewe mwingine umepakwa. Hapo ndipo meseji za "sasa itakuwaje?" zinaanza.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina jibu ambalo wauzaji wengi hawalijui. Kwa kawaida, ukimkabidhi msafirishaji mzigo ili ampelekee mteja, inahesabiwa umemkabidhi mteja mwenyewe, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ila usifurahi mapema: sheria hiyo hiyo inakutaka upange usafiri kwa njia inayoifaa bidhaa yako. Na hata ukishinda huo ubishi, umempoteza mteja. Mimi ningesema beba wewe hasara ya njiani, iweke ndani ya bei, na umwandikie kabla hajalipa: "Fungua katoni hapo hapo kaunta. Chupa ikiwa imevunjika nitumie picha, nakurudishia pesa yake leo." Mstari huo unauza kuliko tangazo.

Kufunga mzigo

Chupa huvunjika kwa sababu ina nafasi ya kucheza. Chupa mbili zikigusana, kila tuta kati ya Voi na Nairobi ni kofi, na safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 300. Kwa hivyo kila chupa ivae nguo yake: plastiki ya viputo kama unayo, au kadibodi nene iliyozungushwa mara mbili. Weka kipande cha kadibodi kati ya chupa na chupa. Halafu ingiza katoni hiyo ndani ya nyingine kubwa zaidi, na ujaze sentimita tano hivi kila upande, chini na juu pia.

Ujaze na nini? Gazeti lililokunjwakunjwa ni sawa. Majani makavu ya mgomba pia, mradi yawe yamekauka kabisa, la sivyo yanaleta ukungu na wadudu. Nyuzi za katani zinazobaki ni nzuri hata zaidi kwa sababu hazilali haraka zikikandamizwa, na huku kwetu katani si kitu cha kutafuta mbali.

Asali ina tabia zake. Joto likipanda inatanuka, na buti ya basi ni oveni, kwa hivyo usijaze chupa hadi mdomoni. Pia ni nzito: chupa kumi na mbili ni kilo nane na zaidi, kwa hivyo piga selotepu pana chini ya katoni kwa umbo la msalaba. Kila chupa ifungwe kwenye mfuko wake wa plastiki wa chakula, ili moja ikivuja iharibike peke yake.

Ukimaliza, itikise. Ukisikia chochote kikisogea, fungua tena. Najua inaudhi, na basi linakaribia kuondoka.

Kwenye kaunta

Ukiulizwa kuna nini ndani, sema asali kwenye vioo. Ukiandika "nguo" ili ulipe kidogo, usitarajie kudai chochote baadaye. Soma nyuma ya risiti uone wanalipa hadi kiasi gani mzigo ukiharibika. Piga picha ya katoni ikiwa wazi, ikiwa imefungwa, na ya risiti yenyewe. Kampuni za kusafirisha vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hivyo kampuni ikikataa kukusikiliza una pa kupeleka malalamiko.

Pesa

Usikabidhi mzigo kwa kuona skrini-shoti ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe. Pokea malipo kwa Till au Pochi la Biashara badala ya namba yako ya nyumbani. Kwa Pochi, mteja hawezi kuirudisha pesa bila idhini yako, na hiyo inakukinga na yule anayechukua mzigo kisha anadai alituma kimakosa.

Na ikivunjika kweli, rudisha kwa namba ile ile iliyolipa. Mtu akikuambia "tuma kwa hii nyingine, simu yangu imezima", mwambie utasubiri iwake. Meseji ya malipo na ya marejesho usizifute hadi mteja athibitishe kwamba zile kumi zilizobaki ziko sawa.