Jina lililofutika katika kaburi la watu wawili

Kazi yangu ni kilimo. Nina cheti cha kilimo, na kwa miaka mingi nimetembea katika vijiji vya Mkoa wa Dodoma nikizungumza na wakulima juu ya mtama, uwele, alizeti na matuta ya kukinga maji. Mambo ya makaburi sikufundishwa chuoni. Lakini bwana shamba anayekaa kijijini huulizwa kila kitu. Leo ataulizwa dawa ya viwavi, kesho ataombwa kusoma barua. Mimi niliombwa kusoma kaburi.

Aliyeniomba ni bibi mmoja wa kijiji kilichoko upande wa milima ya Mpwapwa. Umri wake umepita miaka 80. Nilikwenda kuangalia mtama wake, naye akaniangalia mimi. Tulipomaliza kusalimiana akasema, "Bwana shamba, wewe una macho mazuri. Njoo unisomee mama yangu."

Bibi huyu anajua kusoma. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa ameolewa upande wa Kilosa. Huko aliingia darasa la kisomo, chini ya mwembe, akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo hakuniita kwa sababu hajui herufi. Aliniita kwa sababu herufi zenyewe zilikuwa zimekwisha.

Kaburi lenyewe ni moja, lakini ndani wamelala watu wawili, mume na mke. Juu yake kuna bamba la saruji. Fundi aliandika kwa msumari wakati saruji ikiwa mbichi, kama ilivyo kawaida yetu vijijini. Jina la mume lilisomeka vizuri, na chini yake: ALIKUFA 1976. Kisha jina la mke, jina la Kigogo. Kisha neno BINTI. Baada ya neno hilo ilionekana herufi M, kisha mikwaruzo, kisha O. Chini: ALIKUFA 1978.

Bibi alinieleza shida yake. Mama yake hakuwa mtu wa milima ile. Aliletwa akiwa mtoto mdogo, wakati wa njaa kubwa, na maisha yake yote hakutaka kumtaja baba yake. Watoto wakimwuliza alisema, "Baba yangu aliniacha hapa kama mzigo." Siku za mwisho wa ugonjwa wake ndipo alipolitoa jina hilo kwa mwanawe wa kwanza, akataka liandikwe. Mwana huyo alimwambia fundi. Sasa mwana amekufa, fundi amekufa, na bibi wakati ule alikuwa Kilosa. Jina lilibaki kwenye saruji tu. Na saruji ile ilikuwa na mchanga mwingi kuliko kiasi, ikaliwa na mvua.

Kosa langu la brashi

Siku ya kwanza nilifanya kosa, na ninalisema hapa ili wengine wasilirudie. Nilichukua brashi ya waya, ile ya kusugulia kutu ya jembe la ng'ombe, nikasugua bamba. Uchafu ulitoka, na pembe ya herufi moja ikatoka nayo. Bibi aliona. Hakusema neno, lakini alininyang'anya ile brashi.

Njia nzuri ni maji safi na kitambaa laini, au brashi ya nguo iliyochakaa. Usitumie kisu wala msumari. Kisha ngoja jua. Saa sita mchana jua huwa juu ya kichwa, na herufi hazina kivuli, kwa hiyo huoni kitu. Njoo saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Wakati huo jua linapiga kwa upande, na mfereji mdogo wa msumari unajaa kivuli. Tulikaa pale jioni mbili. Tukapata herufi nyingine tatu. Zilibaki mbili ambazo jua halikutusaidia. Jina lenyewe silitaji, kwa kuwa wenye ukoo wameomba nisiliandike gazetini. Ni herufi saba.

Kuhesabu miaka kwa matukio

Herufi tano kati ya saba hazitoshi. Ilitubidi tujue pia mama yule alizaliwa lini na alitoka wapi. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tukatumia matukio, kama wazee wetu wanavyofanya.

Katika Ugogo kuna matukio ambayo miaka yake inajulikana. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Vita Kuu ilianza 1914, na majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma mwezi Julai 1916. Mafua makubwa yaliua watu mwaka 1918. Nzige walikula mashamba mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mashamba makubwa ya karanga ya Kongwa yalianza 1947 na yakafa 1951. Uhuru ni 1961. Operesheni Dodoma, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuwa 1970 na 1971. Ukimwuliza mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" atanyamaza. Lakini ukimwuliza, "Nzige walipokuja ulikuwa unachunga mbuzi, au ulikuwa bado unabebwa?" atakujibu mara moja.

Wasomaji Waislamu wakumbuke jambo jingine. Kaburi likiandikwa mwaka wa Hijiria, usifikiri limekosewa. Mwaka 1400 wa Hijiria ulianza Novemba 1979. Na mwaka huo ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11.

Njaa aliyoitaja mama yule ilikuwa Mtunya. Kila Mgogo amesikia jina hilo. Mtunya haikuletwa na ukame peke yake, na hapa nasema kama mtu wa kilimo. Tangu 1914 majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Yalichukua pia vijana wenye nguvu wakawe wapagazi. Maghala yalibaki matupu, na mashamba yalikosa mikono. Ndipo mvua ikakosekana. Mkulima wa nchi kavu huishi kwa akiba ya mwaka uliopita. Akinyang'anywa akiba hiyo, mwaka mmoja tu mbaya unatosha kumwua. Njaa iliendelea mpaka kama mwaka 1920. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa kama 30,000. Yaani katika kila watu watano, mmoja.

Wakati huo baadhi ya wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula. Mtoto alipata kula, na mzazi alipata nafaka kidogo ya kurudi nayo kwa waliobaki. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha mzazi atarudi kumkomboa. Wengine walirudi. Wengine walikufa njiani.

Bibi alikumbuka kwamba mama yake alipoletwa alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Basi alikuwa na miaka sita au saba. Tukaandika: amezaliwa kama 1912.

Kitabu cha ubatizo na mwiko wa maini

Mume na mke wale walikuwa Wakristo. Nikamshauri bibi twende kwa kasisi. Makanisa mengi ya zamani yana vitabu vya ubatizo, na ndani yake huandikwa jina la mtu, jina la baba yake na mahali alipotoka. Kasisi alitupokea vizuri. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu kitabu kimeliwa na mchwa pembeni na wino umekuwa rangi ya chai. Lakini walikuwapo, wamebatizwa siku moja wakiwa watu wazima. Jina la baba wa mke lilikuwa na herufi saba, ila mahali pa L mwandishi aliandika R. Msishangae mkikuta hivyo. Mwandishi aliandika alivyosikia. Na mahali alipozaliwa paliandikwa: upande wa Mvumi.

Mvumi ni pakubwa. Nani angemjua mtoto aliyepotea miaka mia moja iliyopita? Hapo bibi mwenyewe alinifundisha. Katika Kigogo ukoo unaitwa mbeyu, neno lile lile la mbegu. (Miaka yote nilikuwa nikifundisha mbegu bora bila kujua kwamba ninataja koo za watu.) Kila mbeyu ina mwiko wake. Mama yake hakula maini ya mnyama yeyote, na aliwakataza watoto wake pia, ingawa ukoo wa mumewe unakula. Majirani walidhani ni ugonjwa wa tumbo. "Baba yake alimkataa kumtaja," bibi alisema, "lakini mwiko wake aliushika."

Tulituma salamu kwa watu tunaowafahamu, tukitaja jina na mwiko. Baada ya miezi miwili tulipata jibu. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ndani, tulipanda basi, mimi, bibi na mjukuu wake.

Tulifika katika kaya moja. Mbukwenyi, mbukwenyi, tukakaribishwa. Bibi alikuwa ameniambia nisitaje tena mwiko, naye hakuutaja. Alitaka kuona. Wenyeji walichinja mbuzi. Kijana aliyechuna alitoa maini, akayaweka juu ya jani, akamwita mtoto wa jirani ayachukue kwao. Hakuna aliyemwelekeza. Bibi aliangalia yale maini mpaka mtoto akapotea nyuma ya nyumba, kisha akajifunika uso kwa khanga.

Mzee wa kaya ile ni mjukuu wa ndugu wa baba yule. Alianza kutaja majina ya ukoo, na jina la herufi saba likatokea. Kisha akawaita wasichana wawili, mmoja wa darasa la tano na mwingine mdogo. Wote wawili wanaitwa jina lile la Kigogo lililoko kwenye saruji. Katika kaya ile kila kizazi kina msichana mwenye jina hilo, kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa milimani akapotea.

Mbuzi watatu au watano

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini mzee alisema neno jingine. Mvua zilipokuja, baba yule alikwenda milimani na mbuzi kumkomboa mwanawe. Alirudi peke yake. Waliomshika mtoto walikataa kumtoa. Wakati huo walikwisha kumwona kuwa msichana mwenye bidii, na walikuwa na mtoto wa kiume.

Fahamu, ndugu msomaji, waliomkataa ni babu na nyanya wa bibi upande wa baba yake. Mtoto yule wa kiume ndiye mume anayelala na mama yake katika kaburi lile moja.

Tuliporudi, bibi aliwauliza wazee wa upande wa baba yake. Mzee mmoja hakukana. Alisema amesikia habari hiyo kwa wakubwa, lakini makubaliano yalikuwa mbuzi watano, na mtu yule alileta watatu. Mvumi wanasema alileta watano. Mimi sikuwa na la kuamua. Nilichoona ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyesema baba hakuja. Mtoto aliambiwa ameachwa, akaishi na neno hilo miaka 60. Nilikasirika, nakiri, na nilikuwa mgeni kijijini, nisiye na haki ya kukasirika.

Bibi alikaa siku kadhaa bila kutoka nje sana. Watu walianza kusema atataka mama yake afukuliwe apelekwe Mvumi. Wajukuu waliogopa kumwuliza. Mwishowe alimwita mjukuu, akampa fedha za mfuko mmoja wa saruji, akasema, "Baba yangu alimpenda mama yangu. Nilikuwapo, niliona. Hatahama. Lakini aandikwe vizuri."

Safari hii nilisimamia mchanganyiko mwenyewe: ndoo moja ya saruji kwa ndoo mbili za mchanga uliochekechwa, maji kidogo, na gunia lenye unyevu juu yake kwa siku saba. Ndugu wa Mvumi walikuja watu wanne, na mzee wao akiwa mbele. Walileta mbuzi. Walikuwa watano, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Fundi alilainisha bamba jipya, akaandika jina la mume na mwaka, kisha jina la mke, kisha BINTI. Hapo bibi alinyoosha mkono akaomba msumari. Alipiga magoti juu ya gunia, akaanza kuandika mwenyewe, polepole, akitamka kila herufi. Herufi ya tano ilikuwa N. Aliiandika kinyume. Akaiangalia, akaifuta kwa kidole, akalainisha pale kwa kiganja, akaandika tena. Fundi alisubiri.