Elementi 21 za Primo Levi

Wanafunzi wengi hulikariri jedwali la elementi kwa ajili ya mtihani, wakishamaliza wanaachana nalo. Primo Levi, mkemia wa Torino, Italia, aliliona kuwa ghala la hadithi. Mwaka 1975 alichapisha kitabu alichokipa jina la jedwali lenyewe, chenye sura 21, kila moja ikiitwa kwa jina la elementi yake.

Sura ya seri ndiyo inayonishika zaidi. Levi alikuwa mfungwa wa Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, na kwa kuwa alisomea kemia, Wajerumani walimpeleka kufanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kambini. Humo alikuta vijiti vidogo vya kijivu, vigumu, visivyo na lebo. Vilipokwanguliwa kwa kisu vikatoa cheche. Hapo akajua ni seri iliyochanganywa na chuma, yaani malighafi ya mawe ya viberiti vya petroli. Chembe za seri huungana na oksijeni kwa kasi kubwa mno, hata joto la kukwanguliwa tu linatosha kuziwasha. Usiku, chini ya blanketi, yeye na rafiki yake Alberto walivichonga hadi vikafikia unene wa jiwe la kiberiti. Jiwe moja lilikuwa na thamani ya mkate wa siku moja. Vijiti 40 vilitoa mawe 120: miezi miwili ya uhai kwa kila mmoja wao. Levi alinusurika, Alberto hakurudi.

Kitabu kinafungwa na kaboni. Atomi moja inatoka kwenye mawe ya chokaa, inapita tanurini, inapaa hewani ikiwa kabonidioksidi, inanaswa na jani la mzabibu. Baada ya safari ndefu inaingia katika ubongo wa mwandishi. Safari hiyo ni ya kubuni, lakini hakuna hatua hata moja inayovunja kanuni za kemia. Hapo ndipo ulipo ufundi wake: sayansi ilimbana, na kule kubanwa kukamzalishia hadithi.

Jedwali la leo lina elementi 118. Levi hakuandika sura ya kobalti inayochimbwa Kolwezi, Kongo, wala ya florini iliyomo katika maji ya Arusha, inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia. Waandishi wa Kiswahili, sura hizo zinatungoja sisi.