Kiangazi kinaisha: namna ya kuvuna mboga nyuma ya nyumba na maji kidogo

Mwezi wa nane unaishia. Vumbi iko kila mahali, na mu masoko ya Bukavu, Goma na Uvira fungu la lengalenga limepunguka lakini bei haishuki. Ni hali ya kila mwaka: mvua inakuwa ya shida toka mwezi wa sita, mashamba ya ku mulima yanakauka, na mboga nyingi zinabaki kutoka mu mabonde yenye maji. Barabara ikikatika juu ya vita, jamaa nyingi zinakula bugali na kitu kidogo sana pembeni.

Hata hivyo, kuna jamaa zinazovuna mboga kila juma mu kipande cha udongo kisichopita ukubwa wa mkeka. Wanafanya namna gani?

Maji kwanza

Mboga za majani zina mizizi mifupi, ndiyo maana zinakauka mbele ya mihogo ao migomba. Kumwangia maji kunafanyika asubuhi mapema ao jioni. Ukimwanga saa sita mchana, jua linakamata sehemu kubwa ya maji mbele yafike ku mizizi.

Kisha funika udongo kati ya miche na nyasi kavu ao majani ya mugomba. Udongo uliofunikwa unachunga unyevu, na bidoni moja inaweza kufanya kazi ya mbili. Maji uliyooshea mchele ao mboga yasitupwe, yapeleke ku bustani. Lakini maji yenye javel ao yanayotoka upande wa choo, hapana.

Gunia kwa wasio na udongo

Mu Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mu mwaka wa 2002, mu mitaa mingi jembe linagonga jiwe. Huko gunia linasaidia. Linasaidia pia wapangaji na wakimbizi, kwa sababu halihitaji shamba.

Changanya udongo beseni mbili na mbolea iliyooza beseni moja: ya mbuzi, sungura ao simbiliki. Tia udongo kidogo chini ya gunia. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na mfuniko wala kitako, lijaze mawe madogo, na uzungushie udongo pembeni. Vuta kopo juu kidogo, tia mawe tena, zungushia udongo tena, mpaka gunia lijae. Mawe yanabaki kama nguzo katikati: ukimwanga maji hapo, yanashuka na kufika pande zote. Mwishoni toboa matundu ku mbavu za gunia na upande mche mumoja kwa kila tundu. Juu weka puaro, nyanya ao biringanya.

Kata, usingoe

Lengalenga inaweza kuliwa kisha majuma matatu ao mane. Wengi wanaingoa yote na mizizi, na siku ile bustani inaisha. Ukikata na kisu, ukiacha shina kama upana wa kiganja, inachipuka tena na unavuna mara nyingine. Matembele nayo ni rahisi: chomeka kipande cha mti wake mu udongo wenye unyevu, kitaota bila mbegu ya kununua.

Wadudu wakitokea, nyunyiza majivu ku majani asubuhi yangali na umande, ao maji yenye sabuni kidogo. Dawa ya kemikali inayouzwa bila karatasi ya maelezo ni hatari ku mboga ya kula kisha siku mbili.

Mbele ya chungu

Mu miji iliyo pembeni ya ziwa Kivu na Tanganyika, kolera inarudi mara kwa mara, na maji machafu ndiyo njia yake kubwa. Mboga ya kula mbichi, kama nyanya, ioshwe na maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa klore.

Lengalenga haihitaji kukaa saa nzima ku moto, kwa sababu ikipikwa sana inapoteza sehemu ya vitamini. Mafuta kidogo ya mawese yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Nyanya ao ndimu nayo inasaidia kupokea madini ya chuma, ambayo mama mwenye mimba anahitaji sana. Sombe ni tofauti: majani ya muhogo yana sumu, kwa hiyo lazima yatwangwe vizuri na yachemke wakati murefu, hata kama makala iko kidogo.

Mvua haiko mbali

Ku Kivu mvua inaanza kurudi mwezi wa tisa. Anayetaka kuvuna nyanya ao shu mbele ya Noeli anaanza pepinyeri sasa, mu beseni iliyotoboka ao sanduku la mbao, chini ya kivuli. Miche inakaa humo karibu mwezi mumoja, kisha inahamishwa wakati udongo umelowa na mvua ya kwanza. Anayengojea mvua ndipo atafute mbegu atakuwa angali ananunua wakati jirani yake anavuna.

Usiache pia lengalenga zote ziishie mu chungu. Acha miche miwili ao mitatu yenye nguvu itoe maua na ikauke. Mbegu zake zitatosha kwa bustani yako, na zitabaki za kumupa jirani.