Vitz ao IST? Tupime chini kwanza

Kisha mavuno ya mahindi koperative mbili zimetuuliza neno moja: feza iko, tunataka motokari ndogo, lakini tukamate Vitz ao IST? Wengi wanajibu mbio: "IST, ile njo inasimama juu." Sisi hatujibu mbio hivyo, ju feza ni ya wote, na njia ya Kanzenze wakati wa mvua haiangalii sura.

Zote mbili ni Toyota. Vitz ilitoka 1999, IST ikafuata 2002, imejengwa juu ya msingi wa Vitz ile ile ya kwanza. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni sawasawa, milimita 2370. Motere ya lita 1.3 iko kwa zote mbili. IST iliongezewa rimu kubwa ya 15 (Vitz nyingi ziko na 13 ao 14), mwili mpana kidogo na pua nene yenye kutisha. Lakini IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele tu, kama Vitz. Kwa matope zinateleza pamoja.

Rimu kubwa inasaidia, hatukatai. Inavuka shimo vizuri, inainua tumbo vidole kidogo. Shida ni kwamba vidole hivyo munavipima motokari ikiwa tupu. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350, sawa na mifuko saba ya mbolea ya kilo 50. Ongeza mifuko miwili nyuma: resore zinalala, tumbo linashuka, na ule urefu muliolipia hauko tena. Tuliona koperative moja iliyopasua karteri ya IST yao kwa kile kilima cha katikati ya njia, kinachobaki kati ya nyayo za malori ya makala. Oili ikamwagika, dereva hakuangalia taa, akaendelea. Motere ikafa. Mbegu zilifika shambani juma mbili kisha wakati wa kupanda.

Huko Ulaya, Dacia inauzisha Sandero na ndugu yake Stepway, na kiwanda kinasema wazi: milimita 133 chini ya ya kwanza, 174 chini ya ya pili. Lakini kwa motokari ya okazo, yenye resore zimechoka, karatasi ya kiwanda haitoshi. Mupime wenyewe. Muende na fimbo pahali pabaya zaidi pa njia yenu, mupime urefu wa kilima, mukate fimbo hapo. Kisha, mbele ya kulipa, muingize watu watano na mifuko, mupitishe fimbo chini ya motere na chini ya bomba la moshi. Ikikwama, motokari ile si ya njia yenu, hata jina lake likiwa IST.

Usukani? Nyingi zinatoka Japani, uko kuume. Kwa barabara ya Likasi, kupita lori la mgodi ni hatari kwa zote mbili.

Kama kazi ni kumpeleka mama mtunza feza kwa banki na kuleta mbegu kidogo, Vitz inatosha. Feza inayobaki iende kwa mipira na oili. Mifuko ya mavuno, mukodishe lori. Fimbo ikipita chini ya IST na ikakwama chini ya Vitz, basi mununue IST, lakini mukubaliane mbele ni watu wangapi watapanda, muandike kwa daftari, dereva atie sahihi.