Upasuaji wa pili wa kupunguza uzani: Kwanza jua kilichoharibika

Na MWANDISHI WETU

MTU aliyewahi kufanyiwa upasuaji ili apunguze uzani, kisha akaona kilo zikirudi moja baada ya nyingine, huona haya kurudi kwa daktari. Jamaa humwita mlafi. Yeye mwenyewe hujiona ametupa pesa zake bure. Lakini mara nyingi kosa si lake pekee, na upasuaji wa pili huwezekana. Swali gumu ni hili: achague upasuaji upi?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46, mkazi wa Nairobi, aliyewekewa mshipi tumboni mwaka wa 2011 akiwa na kilo 118. Alishuka hadi kilo 90. Leo amerudi kilo 110, hutapika chakula cha jioni, na kiungulia humwamsha usiku wa manane. Rafiki yake, aliyekatwa sehemu ya mfuko wa chakula na kupungua vizuri, anamshauri afanyiwe kama yeye. Je, akubali?

Kabla ya kumjibu, ni vyema tujue aina za upasuaji huu.

Mshipi ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe upesi. Daktari huukaza au kuulegeza kwa kutia au kutoa maji ya chumvi kupitia kifaa kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Ulipendwa sana katika miaka ya 2000 kwa kuwa hakuna kiungo kinachokatwa. Siku hizi hautumiwi sana. Wagonjwa wengi walilazimika kutolewa mshipi baada ya kuteleza, kupenya ukuta wa mfuko wa chakula, au kushindwa kupunguza uzani.

Aina ya pili ni kukata mfuko wa chakula. Takriban asilimia 80 huondolewa, na kinachobaki huwa chembamba mfano wa ndizi. Huu ndio upasuaji wa unene unaofanywa zaidi duniani wakati huu. Kilichokatwa hakirudishwi.

Ya tatu ni baipasi, iliyoanzishwa na Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, na ambayo imeboreshwa sana tangu hapo. Jinsi barabara ya kando inavyomwezesha dereva kukwepa katikati ya mji, ndivyo chakula kinavyokwepa sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa kawaida hubakishwa kifuko kidogo tu, ambacho huunganishwa na utumbo moja kwa moja.

Sasa tumrudie mama yetu. Kinachomsumbua si kilo pekee, bali pia kiungulia. Mfuko uliokatwa ukawa mwembamba huwa na msukumo mkubwa ndani yake, na asidi hupanda kooni kwa urahisi. Upasuaji uliomfaa rafiki yake unaweza kumzidishia yeye mateso, na pengine kumrudisha kwenye meza ya upasuaji mara ya tatu. Kwa mtu kama yeye, madaktari wengi hupendelea baipasi, kwa maana kile kifuko kidogo hutoa asidi kidogo sana.

Vivyo hivyo kwa aliyekatwa mfuko wa chakula kisha akaanza kuteswa na kiungulia kisichosikia dawa. Njia inayopendekezwa sana ni kumgeuzia baipasi. Lakini ajihadhari: ipo baipasi ya kiungo kimoja, ambayo huchukua muda mfupi zaidi kufanywa, lakini inaweza kuruhusu nyongo kupanda.

Ikiwa hana kiungulia ila uzani umerudi, daktari anaweza kutaja upasuaji unaoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo. Huo hupunguza kilo nyingi kuliko baipasi ya kawaida, lakini una gharama yake: kuharisha, upungufu wa protini na wa vitamini. Asiyeweza kuhudhuria kliniki na kununua vitamini maisha yake yote asiuchague.

Ndiyo sababu uchunguzi huja kwanza. Mgonjwa huingizwa kamera kupitia kinywani na kupigwa picha ya eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe, ili ionekane kama mshipi umeteleza au mfuko umetanuka. Pia ataulizwa kuhusu soda, pombe, msongo wa mawazo na dawa anazotumia, kwani baadhi ya dawa hunenepesha. Iwapo hakuna kilichoharibika ndani, huenda akafaidika na ushauri wa lishe pamoja na dawa za sindano kama vile semaglutide, bila kisu.

Msomaji afahamu kuwa upasuaji wa pili una hatari zaidi kuliko wa kwanza. Makovu huifanya kazi kuwa ngumu, na mahali palipoungwa panaweza kuvuja. Ikiwa mshipi umepenya ukuta wa mfuko, kwa kawaida hutolewa kwanza, kisha mgonjwa husubiri miezi kadhaa apone. Baada ya upasuaji, homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja.

Aliyefanyiwa baipasi huepuka sigara na dawa za maumivu aina ya ibuprofen, ambazo huleta vidonda. Hutumia vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu daima. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa muda wa miezi 12 hadi 18.

Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: Upasuaji wangu wa kwanza ulishindwa kwa nini? Huu mpya unatibu tatizo hilo vipi? Umewahi kufanya upasuaji wa kurudia mara ngapi? Nani atanifuatilia mwaka ujao?

Asiyeweza kulijibu swali la kwanza bado hajawa tayari kukupasua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwerevu huchunguza kwanza koleo lilivunjikia wapi.